Gesi ya Bluu

Nyumbani kwao walimwita Waziri, ingawa wizarani hakuwa waziri wala msaidizi wa waziri. Alikuwa ofisa wa kitengo kidogo kilichobanwa mwisho wa korido, kati ya stoo ya viti vibovu na choo cha wageni, na kazi ya kitengo hicho ilikuwa gesi. Si gesi ya kupikia. Ni ile inayozunguka kimyakimya ndani ya mabomba ya friji na viyoyozi, ambayo mtu huwa hajui kama ipo mpaka siku nyama imeoza. Jina la Waziri alipewa na kaka yake siku alipopata ajira, kwa utani tu, likashika kabisa. Hata wifi yake, mke wa kaka huyo, alipotaka kuazima pasi kwake alianza na "Mheshimiwa" kabla ya kuomba.

Kaka mwenyewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu mwenye mikono mipana na sauti ndogo, na mtaa mzima ulimwita Barafu. Waziri, mdogo wake wa kike, alikulia kwenye karakana ya huyu kaka. Akitoka shule alikuwa anakalia kreti lililopinduliwa, anampitishia spana, anauliza maswali mpaka Barafu anamwambia anyamaze asikilize kompresa, ile pampu ambayo ndiyo moyo wa friji. Hivyo alipofika chuoni na kukuta kuna somo zima la mambo haya, aliona kama amekutana na ndugu.

Ili kuelewa kilichomkuta, inabidi kwanza kuzijua hizo gesi, na si jambo gumu. Mafundi huzitaja kwa rangi za mitungi. Zamani ilitumika ya kijani. Dunia ikakaa, ikagundua kwamba ikivuja hupanda juu sana na kula lile tabaka linalotukinga na makali ya jua. Nchi zikakubaliana iachwe, ikaja ya bluu. Hiyo haikutoboa kitu. Mafundi wakaitwa kwenye semina, wakapewa fulana, na Barafu akabadilisha vifaa vyake vyote. Hajamaliza hata kuzoea, dunia ikakaa tena, ikagundua kwamba ya bluu ikivuja hubaki angani na kuzuia joto lisitoke, kwa hiyo nayo ni mbaya kwa namna yake. Sasa ilitakiwa ya tatu. Hiyo haitoboi, na haizuii joto kiasi cha kutisha, ila ina tabia moja: inashika moto. Mafundi wakaibatiza Shemeji wa Jiko.

Kila mara walioamua walikuwa na haki, na hilo ndilo lililomsumbua Waziri kuliko yote. Angeona mjinga mahali au mwizi mahali, angelala vizuri. Lakini alisoma karatasi zote, akaona kila mtu katika kila hatua alitaka jema.

Yeye mwenyewe alikuwamo ukumbini siku ya kuamua kuhusu ile ya bluu. Ulikuwa mkutano wa dunia, ukumbi mkubwa wenye zulia linalomeza sauti za viatu, na kila ujumbe ulikuwa na kibao chenye jina la nchi yake. Nchi zilitakiwa zichague kundi. Kundi moja lingeacha gesi ya bluu mapema na kusaidiwa, lingine lingeacha baadaye na kujitegemea. Mkuu wa msafara wao alikuwa ametoka kupokea simu. Mwenyekiti akaanza kuita wanaotaka kundi la mapema, na mjumbe wa nchi jirani, aliyekaa nyuma yake, akamgusa bega na kumwambia, "Inueni, sisi tunainua." Waziri aligeuka kutazama mlango. Mkuu hakuonekana. Msimamo waliokubaliana asubuhi ulikuwa unaelekea hukohuko, lakini ulikuwa na "endapo" nyingi ndani yake, na kibao hakina pa kuandika endapo. Akakiinua. Watu wakapiga makofi, naye akajisikia vizuri, tena vizuri sana. Jioni alimpigia Barafu akamwambia, na Barafu akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Haya, tutaona."

Misaada ilikuja, si kwamba haikuja. Zilikuja semina, vikaja vitabu vyenye picha nzuri, zikaja tena fulana. Kanuni zikaandikwa, na aliyeziandika ni Waziri na mwenzake wa meza ya pili, bwana mmoja mpole aliyependa kunywa chai ya moto kiasi cha kuogopesha. Waliandika kwamba gesi ya bluu haitaingizwa tena nchini. Waliandika kwamba panapokuwa na dharura, kama vile hospitalini, kamati itatoa kibali maalumu. Kamati ingeundwa na watu wa mazingira, wa afya, wa viwango na wa zimamoto. Ikapangwa vizuri kwenye karatasi. Lakini mazingira wakasubiri afya walete jina la mjumbe wao, afya wakasubiri viwango, viwango wakasema wanasubiri barua kutoka mazingira, na zimamoto hawakusema kitu. Kamati ikawa inatajwa kila kikao, ila hakuna aliyewahi kuiona.

Basi siku moja, jua likiwa utosini, simu yake ikaita. Alikuwa Barafu.

"Waziri, uko ofisini?"

"Nipo, kaka. Kuna nini?"

"Niko hospitali ya watoto. Chumba cha baridi cha dawa kimekufa. Njoo mwenyewe, maana hapa nikikueleza kwenye simu hutanielewa."

Alifika akiwa na jasho la haraka. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la dawa la hospitali, mlango mzito wa bati jeupe, ndani rafu zimejaa chanjo na dawa za sindano. Mfamasia mkuu, mama wa makamo aliyevaa miwani kwa kamba shingoni, alikuwa ameanza kuhamishia baadhi kwenye maboksi ya barafu. Hakuwa na muda wa kusalimiana. Alimwambia tu kwamba maboksi yatabeba sehemu ndogo, kwamba zilizobaki zikipata joto mpaka kesho ni za kumwagwa, na kwamba hospitali za jirani zimekwisha jibu kuwa hazina nafasi.

Barafu alikuwa amechutama nyuma ya mashine, geji mkononi. Alieleza kwamba bomba la shaba lilichubuka mahali lilipokuwa linasugua ukuta, gesi ikavuja yote. Bomba ameshalichomelea. Tatizo ni kujaza. Mashine imetengenezwa kwa gesi ya bluu, na gesi ya bluu haiuzwi tena dukani popote.

"Na ile ya tatu?" Waziri akauliza, ingawa alikuwa anajua jibu.

"Shemeji wa Jiko?" Barafu akainua nyusi. "Humu ndani, ukuta kwa ukuta na wodi? Mashine hii haikuumbiwa hiyo. Na zimamoto wamekataza. Soma hapo."

Kweli palikuwa na tangazo la zimamoto limebandikwa karibu na swichi: gesi zinazoshika moto zisitumike kwenye jengo wanamolala wagonjwa. Nani angebisha? Waziri mwenyewe aliwahi kulisifu tangazo lile kikaoni.

Akatoka nje kwenye kibaraza, akaanza kupiga simu kutafuta kibali cha dharura. Afya walimwambia hilo ni la kamati, na kamati ni ya mazingira. Viwango wakamwambia wao hupima ubora wa mtungi, si haja ya mgonjwa. Forodha wakamshauri aulize viwango. Zimamoto walimsikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha wakasema hawana pingamizi na gesi ya bluu kwa sababu haiwaki, ila kutoa kibali si kazi yao. Alirudi kwa afya, safari hii kwa mtu mwingine, naye akasema anamfahamu anayehusika, akampa namba. Waziri akaipiga. Ikaita, ikaita, ikapokewa na sauti aliyoifahamu, mtu anapuliza chai.

"Kitengo cha gesi," ilisema sauti.

Alikuwa mwenzake wa meza ya pili. Namba ilikuwa ya meza ya Waziri mwenyewe.

Alikata simu akabaki ameishika. Mbele yake, kina mama walikuwa wamepanga foleni na watoto migongoni, kiti cha magurudumu kinapita kikilia tairi, na yeye akawa anajaribu kukumbuka kama kuna mlango wowote ambao hajaugonga. Alihisi kama mtu aliyeamka usingizini mahali asipopajua, ilhali ramani ya mahali hapo aliichora yeye.

Aliporudi ndani Barafu alikuwa amekaa kitako sakafuni, ameegemea mashine. Alimtazama usoni, akajua.

"Wamekupiga danadana," akasema.

"Wote. Mpaka mimi mwenyewe."

Barafu akaiweka geji sakafuni. Kisha akasema kwamba kule karakana anayo gesi ya bluu. Si ya kununua. Ni ile aliyokuwa anaivuta kutoka kwenye mafriji yaliyokufa, kama walivyofundishwa semina, isiachwe ikapotea hewani. Anayo kwenye mtungi mkubwa, amekuwa akingoja waje waichukue na hawajaja.

Waziri alifahamu vizuri kwa nini hawajaja. Kanuni inasema gesi iliyovutwa itunzwe mpaka kitakapopatikana kiwanda cha kuiteketeza, na kiwanda hicho hakijajengwa. Je, kutunza maana yake isitumike? Wakati wanaandika, mwenzake alisema ndiyo, ni wazi. Yeye alisema si wazi. Wakakubaliana wataieleza kwenye mwongozo, na mwongozo ukasubiri kamati. Tena kwenye mkataba wenyewe wa dunia mna ukurasa unaozihimiza nchi zitumie upya gesi iliyopo, na ukurasa mwingine unaozihimiza ziiteketeze.

"Inaruhusiwa au hairuhusiwi?" Barafu akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anavyomwomba mtu amshikie tochi.

"Sijui, kaka."

"Wewe ndiye uliyeandika."

"Ndiyo. Na sijui."

Mfamasia alikuwa amesimama mlangoni na boksi mikononi, anawasikiliza. Alitikisa boksi kidogo kulipanga sawa, vichupa vikagongana ndani.

Barafu akasema jambo moja zaidi, maana hakuwa mtu wa kuficha. Gesi ile imetoka kwenye mafriji mengi, hajui kama yote ilikuwa safi. Inaweza kufanya kazi. Inaweza pia kuua kompresa, na hapo hata kibali kikija hakutakuwa na mashine ya kujaza. Yeye hawezi kuapa.

Waziri alijiona anavuta pumzi. Baadaye alipoulizwa alifikaje kwenye uamuzi, hakuweza kueleza, kwa sababu hakukuwa na hesabu yoyote aliyoipiga. Alisema tu, "Kailete. Ukiulizwa, sema nilikuambia mimi."

Ikaletwa. Barafu alivuta hewa kwenye mabomba, akajaza taratibu, sikio limegusa kompresa. Mashine ilikohoa, ikatetemeka, ikatulia. Kipimajoto cha mlangoni kikabaki palepale muda mrefu kiasi kwamba mfamasia aliacha kukitazama, halafu kikaanza kushuka. Hakuna aliyeshangilia. Mfamasia alirudisha vichupa rafuni kimoja kimoja, na Barafu akaomba maji ya kunawa.

Waziri hakutaka kulificha jambo. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wake akamsimulia yote. Mkuu alikuwa mtu mwema mwenye hofu ya kustaafu vibaya. Alimsikiliza, akashika tama, akamwambia aandike taarifa. Alipoandika, mkuu akasema ingekuwa vizuri kama asingeandika. Lakini taarifa ilikuwa imeshatoka, na kwa kuwa hakuna aliyejua ni ya kitengo gani, ikapelekwa pande mbili: kitengo cha ukaguzi, na kitengo cha mawasiliano kinachotangaza mambo mazuri ya wizara.

Ndiyo maana wiki iliyofuata, asubuhi, wifi yake alimpigia na safari hii hakuanza na Mheshimiwa. Alisema, "Njoo karakana. Wamekuja watu wako, makundi mawili, na hawajuani."

Alipofika alikuta magari mawili ya wizara yameegeshwa pua kwa pua. Mlangoni alisimama mkaguzi kijana mwenye adabu nyingi, na waya na lakiri za kufungia mkononi. Pembeni yake alikuwa mama wa mawasiliano, amevaa vizuri, na mpiga picha, na mshauri mmoja kutoka nje aliyekuwa anatabasamu kila anapotazamwa. Barafu alikuwa katikati yao, amevaa ovaroli safi ambalo Waziri hakuwahi kuliona.

"Mimi nimetumwa kufunga," mkaguzi alikuwa anaeleza. "Ametumia gesi iliyotakiwa kutunzwa."

"Na mimi nimetumwa kumpiga picha akiwa kazini," akajibu mama wa mawasiliano. "Ametumia tena gesi badala ya kuiachia angani. Ni mfano wa kuigwa."

"Nikifunga hatakuwa kazini."

"Ndiyo nakuomba usubiri."

"Siwezi kusubiri, mama. Nimeandikiwa nifunge mara moja."

Barafu akawaambia kwa upole, "Basi pangeni kati yenu. Mimi nipo tu."

Wote wakamgeukia Waziri, kwa kuwa yeye ndiye mtu wa gesi wizarani. Alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba wote wamekosea, halafu akaona kwamba wote wako sawa, halafu akaona kwamba hayo mawili hayawezi kukaa pamoja na bado yamekaa, yameegesha hapo nje. Akasema hana mamlaka juu ya ukaguzi wala mawasiliano. Ilikuwa kweli, na aliona haya kusema hivyo mbele ya kaka yake.

Mwishowe mkaguzi alifunga. Picha ikapigwa jirani, mbele ya duka la fundi cherehani, magauni yananing'inia nyuma. Mshauri alitaka mtungi uonekane, lakini mtungi ulikuwa umeshakamatwa kama ushahidi na mkaguzi hakuruhusiwa kuuachia utoke mkononi mwake. Kwa hiyo naye akaingia kwenye picha, ameushika kwa mikono miwili, uso umekakamaa kama wa bwana harusi. Wapita njia walidhani ni tangazo la biashara. Fundi cherehani alicheka mpaka akakaa chini.

Wifi hakucheka. Karakana ilikaa na lakiri majuma kadhaa, Barafu akawa kiguu na njia, anatengeneza mafriji majumbani kwa watu na begi la vifaa begani. Watoto walimuuliza Waziri, shangazi yao, kwa nini baba amefungiwa, naye akawaambia ni mambo ya kikazi. Siku moja, wakiwa wawili jikoni, wifi alifunga bomba la maji akamgeukia.

"Wifi, mimi sikulaumu," alisema. "Nasema kweli. Lakini basi niambie nimlaumu nani, nijue."

Waziri alitafuta. Alimfikiria mkaguzi, akaona kijana anafuata kanuni. Alizifikiria kanuni, akaona usiku aliokesha akizisahihisha. Alifikiria ukumbi wenye zulia, mwenyekiti, jirani aliyemgusa bega. Akasema, "Nikimpata nitakuletea." Wifi akamtazama kuona kama anatania, akaona hatanii, akafungua tena maji.

Jambo moja zuri lilitokea, kama ni zuri. Kesi ya Barafu ililazimisha kamati izaliwe. Waliketi, wakaomba chai, na jambo lao la kwanza likawa kumtoa Waziri nje kwa sababu mshitakiwa ni kaka yake wa damu. Aliwasikia kupitia ukutani wakibishana saa nzima. Uamuzi ulikuwa huu: hawawezi kusema kosa limetendeka, wala hawawezi kusema halijatendeka, kwa sababu mkataba wa dunia wenyewe haujasema waziwazi gesi iliyovutwa ni mali au ni taka. Karakana ifunguliwe kwa muda. Swali lipelekwe kwenye mkutano wa dunia unaofuata. Na kwa kuwa anayelifahamu swali vizuri kuliko wote ni Waziri, Waziri aende.

Kaka yake alimsindikiza mpaka kituo cha basi la uwanja wa ndege, amembebea sanduku. Hakumpa maagizo. Alimwambia tu avae soksi nzito, kwa sababu kumbi zile viyoyozi vyake huwekwa na watu wasiojua kazi.

Safari hii mkuu wa msafara alimwachia kiti tangu mwanzo. Ukumbini palikuwa na sentensi moja mezani: gesi yote ya bluu inayovutwa kutoka mashine kuukuu iteketezwe. Waziri aliifahamu sababu yake, nayo ilikuwa na uzito. Wafanyabiashara katika sehemu nyingi walikuwa wanaleta gesi mpya na kuiita iliyovutwa, wanapita kwenye mlango uleule uliowekwa kwa ajili ya watu kama Barafu. Ukiteketeza yote, mlango umefungwa. Wengi walikuwa tayari kuipitisha kabla ya chakula cha mchana.

Waziri aliinua kibao. Mwenyekiti akampa nafasi. Aliomba sentensi iwekwe kwenye mabano, yaani isipitishwe, ijadiliwe tena. Kwenye mikutano ile mtu mmoja akiomba mabano, mabano huwekwa. Mguno ukapita ukumbini kama kiti kinachoburutwa. Kwenye skrini kubwa, alama mbili ndogo zikaikumbatia sentensi, na watu wakaanza kukusanya karatasi zao.

Kwenye foleni ya kahawa alisogelewa na mama mmoja mfupi, nywele zimeingia mvi, beji yake ikionyesha anatoka kwenye kisiwa kidogo mbali huko baharini. Alizungumza lugha ya mkutano taratibu, kama mtu anayepanga vyombo.

"Ni wewe uliyeomba mabano?"

"Ni mimi."

"Kwetu bahari inapanda, na shule imehamishwa mara mbili. Kwanza kutoka ufukweni, halafu kutoka pale tulipoihamishia. Sasa hatuna pa kuihamishia tena, kwa sababu kisiwa kimeishia hapo. Mimi mabano siyaelewi. Nieleze."

Waziri alimweleza. Alimweleza chumba cha baridi, vichupa, simu iliyomrudia mwenyewe, mtungi wa kaka yake. Yule mama alisikiliza bila kukata, vikombe vyao vikipoa. Alipomaliza, mama akasema kwamba watoto wale wa hospitali ni watoto, na wa shule yake ni watoto, na yeye hawezi kuwaweka kwenye mizani.

"Wala mimi," alisema Waziri.

"Lakini wewe umeshawaweka. Asubuhi hii."

Waziri alirudi kwenye kiti chake. Alikuwa amekuja kumtetea mtu mmoja mwenye mikono mipana, na sasa amesimama mbele ya shule isiyo na mahali. Akafikiria ayaondoe mabano, kisha akamwona mfamasia mlangoni na boksi. Akafikiria ayaache, kisha akaona ufukwe.

Mchana wakaitwa kwenye chumba kidogo, wachache, wakae mpaka wakubaliane. Yule mama wa kisiwani alichagua kiti cha pembeni yake. Walivutana neno kwa neno. Mwishowe ikapatikana sentensi mpya: gesi iliyovutwa iteketezwe, isipokuwa ile inayotumika upya katika huduma za afya, na kila mtungi uwe na namba inayofuatiliwa tangu mashine ilikotoka, na ruhusa hiyo iishe kwa kila nchi itakapopata mashine mpya. Nani atatoa hizo mashine? Hapo walikwama tena, wakaandika kwamba nchi zenye uwezo "zinahimizwa." Waziri alilijua neno hilo. Alilikubali shingo upande, na mama wa kisiwani naye akalikubali akiwa amefumba macho.

Ilipitishwa saa za alasiri. Sentensi ilikuwa ndefu kiasi kwamba mkalimani aliomba radhi katikati na kuanza upya. Makofi yalikuwa machache. Waziri alimtumia Barafu ujumbe kwamba karakana haitafungwa tena kwa jambo lile, na Barafu akajibu kwamba vizuri, na kwamba hospitali wameanza kuzungumza habari ya kuweka mashine mpya nje, juu ya zege, mbali na wodi, ambako Shemeji wa Jiko anaweza kukaa bila kumtisha mtu. Wanachongojea ni mfadhili.

Alipokuwa anafunga mkoba wake, mama wa kisiwani alikuja akasimama mbele yake.

"Sijui nikushukuru au nikununie," alisema.

"Hata mimi sijui unifanye nini."

Wakatazamana, kisha wakacheka wote wawili, kicheko cha kuchoka. Wakaamua watoke pamoja wakatafute chakula cha kweli. Wakashika korido ya kushoto, ikawapeleka kwenye kumbi nyingine zinazofanana na ile waliyotoka. Wakarudi, wakashika ya kulia. Wakapita mabango yenye mishale inayoelekezana yenyewe kwa yenyewe, wakashuka ngazi, wakapanda nyingine, wakamuuliza mlinzi ambaye naye alikuwa mgeni pale. Wakasukuma mlango mmoja mkubwa wakidhani ni wa nje, wakajikuta katikati ya jiko la jengo, wapishi wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa wanapumzika, masufuria yamekwisha oshwa.

Mpishi mmoja akawauliza wanatafuta nini. Mama wa kisiwani akamtazama Waziri, Waziri akamtazama mama wa kisiwani. Mpishi hakungoja jibu. Aliwavutia ndoo mbili, akawapa mkate uliobaki na supu, akawaambia wale kwanza, njia ya kutokea atawaonyesha.